Nani Msemaji Fasaha? Likoni, Kisauni, Changamwe na Kosa la Uhakiki Wetu

Utangulizi

Makala haya ni ya ubishi, na ni vyema msomaji alijue hilo mapema. Yanabishana na kipimo kimoja ambacho sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili tumekipokea bila ya kukijadili, nacho ni kwamba msemaji fasaha hutambuliwa kwanza kwa mahali atokapo, na baadaye tu, wakati ukiruhusu, kwa jinsi asemavyo. Kipimo hiki hakibakii darasani. Wanafunzi wetu ndio wanaokwenda kuwa watangazaji, wakalimani, wahariri na washereheshaji. Wakishafika huko huajiriwa, na baadaye huajiri wengine, kwa sikio tulilowafunza sisi. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba taaluma za mawasiliano zinawabagua watu kwa lafudhi zao, tunalalamikia mti ambao mbegu yake tuliipanda wenyewe.

Mwandishi wa makala haya anaanza na kosa lake mwenyewe. Katika mtihani mmoja wa kusema alimpunguzia alama mwanafunzi aliyetoa hotuba nzuri, yenye mpango, mifano na mzaha uliowachekesha hata watahini. Kwenye karatasi aliandika: "Lafudhi si ya Pwani." Siku ya kurudishiwa karatasi kijana huyo alikuja ofisini akauliza kwa adabu, "Mwalimu, ni neno gani nililolikosea?" Halikuwapo. Kijana alizaliwa Chaani, akasomea Changamwe, na Kiswahili ndiyo lugha aliyoanza kusema. Tangu utotoni aliziona winchi za Kilindini kutoka mlangoni kwao. Kama huyo si mtu wa Pwani, basi neno Pwani halina maana ya jiografia. Lina maana ya nasaba. Na nasaba si somo tunalolifundisha.

Hapa inafaa tulifafanue neno moja. Watu wa Mombasa hulitumia neno "bara" kwa maana mbili. Bara ni ng'ambo ya kisiwa: Likoni kusini, Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi. Bara pia ni kule ndani ya nchi ambako "wabara" hutoka. Maana hizi mbili zimechanganyika katika masikio yetu kiasi kwamba msemaji wa ng'ambo, hata awe mzawa wa vizazi vitatu, huhesabiwa nusu mgeni. Dai letu ni kwamba ng'ambo hiyo imetoa usemi wa hadharani ambao taifa zima liliusikiliza, na kwamba uhakiki wetu umeshindwa kuuona kwa sababu ulikuwa ukimchunguza msemaji badala ya usemi wake.

Kipimo Kilikotoka

Wanaokitetea kipimo hiki hukisema kana kwamba kimekuwapo tangu enzi za Muyaka. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kikashushwa daraja kwa uamuzi wa kikao. Mtoto aliyesema "ndia" na "mato" nyumbani akafunzwa kwamba shuleni husemwa "njia" na "macho", na ya kwao yakahesabiwa makosa. Malalamiko ya washairi na wanazuoni wa Mombasa juu ya jambo hili yalikuwa ya haki, na yangali ya haki.

Lakini aliyedhulumiwa naye alijenga ngazi yake. Katika Mombasa yenyewe, usemi wa Mji wa Kale uliwekwa juu. Chini yake yakawekwa mazungumzo ya Jomvu na Kilindini, chini zaidi Kiswahili cha Mdigo wa Likoni na Mgiriama wa Kisauni, na chini kabisa Kiswahili cha mtoto wa kuli na wa karani wa reli. Ngazi hii haikuandikwa na kamati yoyote, kwa hivyo ni vigumu zaidi kuipinga. Hufanya kazi kwa kucheka, kwa kukunja uso, na kwa ile kauli ya upole inayoumiza kuliko tusi: "Unajitahidi."

Hata ukikikubali kipimo cha nasaba kwa ajili ya mjadala tu, ng'ambo haigeuki kuwa ugenini. Changamwe ni jina la mojawapo ya Miji Mitatu, pamoja na Kilindini na Tangana, ambayo kwa kuungana na ile Tisa hufanya Thenashara Taifa ya Waswahili wa Mombasa. Chijomvu, ambacho jina lake lenyewe linaonyesha kiambishi chake, kilichunguzwa pamoja na Kingare na H. E. Lambert katika kitabu cha mwaka 1958. Mtaalamu huyo wa kigeni aliona kwamba usemi huo unastahili kitabu. Je, tangu hapo ni tasnifu ngapi zimeandikwa katika idara zetu juu ya hotuba, mawaidha au utani wa watu wa Jomvu na Changamwe? Msomaji na ahesabu mwenyewe katika maktaba ya chuo chake.

Frere Town na Neno Ungwana

Mfano ulio mzito kuliko yote uko Kisauni. Mwaka 1872 Bartle Frere alitumwa Unguja na serikali ya Uingereza, na mkataba uliofuata ukapiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Muda mfupi baadaye, mnamo 1875, wamishenari wa CMS waliunda kijiji kwenye ardhi ya Kisauni, kuelekeana na kisiwa, wakakiita Frere Town. Humo waliwekwa watu waliookolewa kwenye majahazi: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, pamoja na Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik, India. Kengele iliyotumika kuwatahadharisha wanakijiji dhidi ya wawinda watumwa ndiyo iliyoipa njia panda ya hapo jina la Kengeleni.

Watu hawa hawakuwa na lugha moja. Walichokuwa nacho ni Kiswahili, na walikitumia kufundisha, kuhubiri, kutafsiri na kuandika. Kwa wenyeji wa mjini, hata hivyo, walikuwa Wamisheni, si waungwana. Tusisahau kwamba "mwungwana" kwa asili hakuwa mtu mpole. Alikuwa mtu asiye mtumwa. Neno hilo lilikuwa ua. Waliokuwa ndani walizaliwa ndani, na waliokuwa nje hawakuweza kuingia kwa tabia njema wala kwa usemi mzuri. Hata hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, ua wa neno ulibaki.

Kutoka kijiji hicho James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Tunakijua kitabu hiki kwa sababu hukitaja katika mhadhara mmoja wa historia ya riwaya, tukasema kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu lawama zote, kisha tukapita. Lawama hiyo ya kiitikadi ni ya kweli, na mwandishi wa makala haya haiondoi. Lakini ikishatamkwa, uhakiki hulala. Hatuulizi inakuwaje mwana wa mateka awe miongoni mwa waliotangulia kuandika nathari ndefu ya Kiswahili. Hatuulizi ni sauti za wazee gani zinazosikika katika visa vile vya kukamatwa na kupandishwa majahazini. Tumekihukumu kitabu kwa waliokifadhili, tukawapuuza waliokisimulia.

Ukoo huo huo ukamtoa Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki Februari 2025. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kuanzia 1966 alikiendesha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Kilidumu kwa zaidi ya nusu karne, na jina lake likawa usemi wa kila siku nchini. Mkenya aliyeona mtu akirusha takataka barabarani au akiruka foleni aliuliza swali hilo hata kama hakuwa na redio.

Tulitazame swali hilo kihakiki. Umbo la kipindi lilikuwa la fasihi simulizi: msimulizi, kisa kifupi cha mwenendo, na mwisho swali linaloachiwa hadhira. Hakutoa hukumu, aliiweka mikononi mwa msikilizaji, kama atendavyo mtega kitendawili. Ufundi wake ulikuwa katika kupanda na kushuka kwa sauti, katika kituo kabla ya swali, na katika mshangao aliousikilizisha bila ya kuutaja. Hizo ndizo mbinu tunazowataka wanafunzi wazitambue katika ngano na mawaidha.

Maudhui yake yalikuwa makubwa zaidi kuliko yalivyodhaniwa. Mtu wa ukoo uliowekwa nje ya ua wa ungwana alilichukua neno lile lile, akalipa maana mpya mbele ya taifa zima. Katika kipindi chake mwungwana hakuwa aliyezaliwa hivi au vile. Alikuwa atendaye hivi au vile. Tajiri mchafu hakuwa mwungwana, na mchukuzi mwenye staha alikuwa mwungwana. Hatudai kwamba mtangazaji alikusudia kulipiza kisasi cha historia. Tunadai kwamba maana ya neno iligeuzwa hewani, kwa Kiswahili cha ng'ambo ya kisiwa, na kwamba hili ni tukio la kifasihi lenye uzito kuliko diwani nyingi tulizozihakiki. Alipofariki, magazeti yalimlilia. Majarida yetu ya uhakiki yana deni.

Kuna ushahidi mwingine, na wa kutisha. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walimtoa Mbotela nyumbani kwake wakamlazimisha atangaze redioni kwamba serikali imepinduliwa. Walikuwa na bunduki, na kituo chenyewe kilikuwa mikononi mwao. Yeyote kati yao angeweza kusoma tangazo. Walichokikosa ni sauti ambayo nchi ingeiamini. Waasi walijua, kwa njia yao ya kikatili, jambo ambalo wahakiki hatujalikubali: kutambulika kwa msemaji hujengwa na hadhira, kwa miaka ya kusikilizwa, wala hakutolewi na wenye mji.

Changamwe na Kiwanja cha Maskini

Atakayesema kwamba Frere Town ni kisa cha pekee aielekeze shingo magharibi. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Bandari na reli zikasimama, na maelfu walikusanyika siku baada ya siku katika uwanja walioubandika wenyewe jina la Kiwanja cha Maskini. Chama chao, African Workers' Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, mtu wa bara kwa maana zote mbili. Waliomsikiliza walikuwa Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu, Wataita, Waswahili. Lugha iliyowaweka pamoja ilikuwa Kiswahili. Serikali ya kikoloni ilimkamata Kibachia mwezi Agosti mwaka ule ule ikamweka kizuizini kwa miaka mingi. Serikali haimfungi mtu asiyejua kusema.

Watoto na wajukuu wa wafanyakazi wa namna hiyo ndio waliojaza Changamwe, Chaani na Mikindani, na miongoni mwao yumo yule mwanafunzi aliyepunguziwa alama. Kiswahili chake hakikutoka katika kitabu, wala hakikuharibika njiani kutoka Mji wa Kale. Kilizaliwa mahali ambapo mtu alilazimika kueleweka na watu wa makabila kumi kabla ya saa ya zamu kugonga. Mahitaji hayo huzaa sentensi fupi, mfano wa karibu, mrudio wenye kusudi na mzaha unaopunguza hasira. Mwalimu yeyote wa balagha angeziita hizo sifa. Sisi tumeziita upungufu.

Likoni: Gharama ya Kusikiliza Vibaya

Huenda msomaji akaona kwamba alama tano za lafudhi ni jambo dogo. Likoni inatufundisha vingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua na kupora silaha, na fujo zilizofuata zikawalenga watu waliohesabiwa kuwa wabara. Watu waliuawa, vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbilia makanisani na kwingineko. Chanzo kilikuwa siasa za uchaguzi zilizopandwa juu ya manung'uniko ya kweli kuhusu ardhi na kazi, na Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka 1998 iliyachunguza machafuko hayo pamoja na mengine ya nchini.

Hatusemi kwamba wahakiki waliwasha moto. Tunasema kwamba katika hali kama ile, lafudhi huwa kitambulisho: neno moja kinywani hutosha kumtenga mwenyeji na mgeni. Jamii iliyozoezwa wakati wa amani kuulizana "huyu ni wa wapi?" kabla ya "anasema nini?" huwa na jibu tayari wakati wa fujo. Kwa upande wa pili, Mdigo wa Likoni aliyekuwa na malalamiko halali juu ya ardhi hakuwa amepewa jukwaa la kuyasema kwa lugha yake au kwa Kiswahili chake. Naye alikuwa amefundishwa kwamba usemi wake haufai kikao. Tulimnyima mmoja uenyeji kwa lafudhi, na mwingine hadhi kwa lafudhi, kisha tukastaajabu kwamba hawakuzungumza.

Pingamizi Tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba tunafungua mlango wa lugha mbovu. Sivyo. Aharibuye upatanisho wa kisarufi akosolewe, awe wa Kibokoni au wa Mtongwe. Anayetamka neno hata likachukua maana nyingine arekebishwe. Lakini sarufi ni jambo moja, matamshi ni la pili, na lafudhi ni la tatu. Mtahini anayeandika "lafudhi" kwa sababu hakupata kosa katika mawili ya kwanza hajatahini. Amekiri upendeleo wake.

Pingamizi la pili husema: Kimvita kilidhulumiwa, kwa nini sasa kitakiwe kugawa hadhi kiliyopokonywa? Jibu letu ni kwamba aliyedhulumiwa na Kiunguja hapati kwa hilo leseni ya kukidhulumu Chijomvu. Hoja iliyotumiwa kukitetea Kimvita, yaani kwamba lahaja ya watu ni hazina na si kosa, ama ni kweli kwa wote au si kweli kwa yeyote. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Na katika ibara hiyo hiyo imelitwika Dola jukumu la kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za wananchi. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja, si moja kinyume cha jingine. Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 120, imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mkalimani wa lugha ya ishara hana lafudhi ya koo hata kidogo. Ikiwa naye anaweza kuwa fasaha, na anaweza, basi ufasaha haukai pale tulipokuwa tukiutafuta.

Pingamizi la tatu ndilo la kitaaluma: kwamba utangazaji na hotuba za viwanjani si fasihi. Wasemao hivi wausome mtaala wao wenyewe. Katika shule za upili tunawafunza watoto kwamba ulumbi, mawaidha, soga na malumbano ya utani ni tanzu za fasihi simulizi, na tunawatahini humo. Mtoto huyo akifika chuo kikuu anakuta ulumbi umekuwa fasili ya mstari mmoja, bila ya mlumbi hata mmoja aliyerekodiwa. Kivuko cha Likoni hubeba wahubiri, wachuuzi na wanasiasa kila siku, wakiwania masikio ya abiria katika muda mfupi wa kuvuka mkondo. Msemaji pale hana kipaza sauti wala cheti, na hadhira yake haikumwalika. Asipokuwa fundi hapewi hata dakika moja. Kama huko si kusema mbele ya watu, basi hatujui maana ya maneno hayo.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu, na tunayataka yajadiliwe katika vikao vya idara, si katika warsha tu. Kwanza, neno "lafudhi" liondolewe katika vigezo vya mitihani ya kusema, na mahali pake pawekwe vigezo vinavyoweza kuthibitishwa: mpango wa hoja, uteuzi wa maneno, usahihi wa sarufi, matamshi yanayoeleweka na namna ya kuikabili hadhira. Mtahini anayetoa alama awe tayari kulijibu lile swali: ni neno gani? Pili, kila idara iliyo Pwani ianze kurekodi na kuhakiki ulumbi wa ng'ambo: mikutano ya wafanyakazi Changamwe, mabaraza ya wazee Likoni, harusi na matanga ya Kisauni, wanawake kwa wanaume. Vipindi vya redio vya miongo iliyopita, cha Mbotela kikiwa cha kwanza, viombwe kwa wanaovihifadhi na visomwe kama matini. Tatu, tunapoandika barua za kuwapendekeza wanafunzi wetu kwa vituo vya utangazaji na mahakama, tuache kumsifu mmoja kuwa "mzawa wa lugha" na mwingine kuwa "amejitahidi." Wote ni wazawa. Walizaliwa kando ya maji yale yale.

Yule mwanafunzi wa Chaani alirudishiwa alama zake baada ya karatasi kusahihishwa upya. Hakushukuru, na hakuwa na sababu ya kushukuru, zilikuwa zake. Wapo wengi kabla yake ambao hawakuja ofisini kuuliza, wakaondoka wakiamini kwamba hawajui kusema. Hao hatuwezi kuwarudishia kitu. Kilichobaki ni kwamba darasa la mwaka ujao limekwisha andikishwa, na karatasi ya vigezo bado haijapigwa chapa.